Namna ya Kutembelea Shamba la Kale la Kahawa na Bustani Yake ya Mimea, Arusha na Moshi

Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro yamebaki mashamba kadhaa ya kahawa yaliyoanzishwa enzi za Wajerumani na Waingereza. Nyumba zake kuu, zenye kuta nene na varanda pana, leo zimegeuzwa hoteli ndogo, nyumba za wageni au makazi ya wamiliki wapya, na bustani zake zimekua kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu akishavuka lango hudhani ameingia msituni. Wenyeji wengi huyapita kila siku wakiwa ndani ya kosta bila kujua kwamba baadhi yake hupokea wageni wa siku moja, kwa sababu dhana iliyozoeleka mitaani ni kwamba hayo ni mambo ya watalii wa kigeni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Arusha, Moshi au miji ya jirani anayetaka kwenda na familia, darasa au wazee wa nyumbani, akatumia nusu siku vizuri na kurudi akiwa ameona kitu zaidi ya maua ya kupigia picha.

Mara ya kwanza nilipofika kwenye shamba la namna hii, upande wa Usa River, mzee mtunza bustani aliyekuwa akifagia majani njiani alipokea shikamoo zetu, akaegemea fagio lake na kutuuliza: "Marahaba. Mmekuja kuona maua au miti?" Hatukuwa na jibu. Akatueleza kwamba maua wao huyabadilisha kila msimu kadiri mwenye mali anavyotaka, lakini miti yeye mwenyewe aliikuta alipoajiriwa, na aliyemfundisha kazi naye aliikuta. Tangu siku hiyo nimekuwa nikianza na miti, na ndiyo njia ninayoipendekeza hapa, kwa kuwa katika bustani ya shamba la kale mti ndio unaoonyesha ni nani alipita, alitoka wapi na alitaka nini katika ardhi hii.

Kuchagua mahali na kutoa taarifa

Kabla ya kupiga simu ni vizuri kujua kwamba mahali panapoitwa "shamba la kale" panaweza kuwa vitu vitatu tofauti. Kuna mashamba ambayo bado yanazalisha kahawa na yana nyumba ya wageni ndani yake. Hapo utaona mikahawa, yaani miti ya kahawa, mitambo ya kumenya, vichanja vya kuanikia na bustani kwa pamoja. Kuna mengine ambayo kahawa imeondoka kabisa, ardhi ikawa ya mbegu za maharage, maua ya kuuza nje au viwanja vya makazi, na kilichosalia ni nyumba na ekari chache za miti inayoizunguka. Ukweli ni kwamba haya ya pili mara nyingi ndiyo yenye bustani nzuri zaidi, kwa kuwa mwenyewe hana kingine cha kuwaonyesha wageni. Aina ya tatu ni taasisi za utafiti. Kituo cha Lyamungu, wilayani Hai, kilianzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya utafiti wa kahawa, na leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Huko huendi kupumzika kivulini, unakwenda kujifunza, na kikundi kinachotaka kupokelewa vizuri kitangulize barua inayoeleza ni watu wangapi, wa umri gani na wanataka kuona nini.

Anayetaka bustani ya mimea kwa maana kamili ya kisayansi, yenye miti iliyopandwa kwa mpangilio wa majaribio, itambidi afunge safari hadi Amani, wilayani Muheza, ambako Wajerumani waliweka taasisi yao ya utafiti mwaka 1902 na kukusanya mimea kutoka pembe nyingi za dunia, ukiwamo mkwinini uliotafutwa kwa ajili ya dawa ya malaria. Bustani za mashamba ya Arusha na Moshi hazikuanzishwa kwa shabaha hiyo. Zilipandwa na walowezi kwa ajili ya kivuli, matunda, uzio, kumbukumbu ya makwao na fahari, kisha zikatunzwa na watu ambao kwa kawaida majina yao hayakuandikwa popote. Ukilijua hilo mapema hutasikitika ukikosa kibao kwenye kila mti.

Toa taarifa angalau siku 2 au 3 kabla. Niliwahi kufika na watu sita siku ya Jumatatu ya Pasaka bila kupiga simu, nikiamini kwamba sikukuu ndiyo siku yao ya kazi. Mlinzi alitusikiliza kwa adabu yote, akafungua daftari lake, akapitisha kidole kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, kisha akalifunga. Ndani palikuwa na harusi. Tulirudi barabarani kwa miguu na watoto wakiwa na viatu vipya. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo huwa nauliza mambo manne kwa simu: kama siku hiyo kuna shughuli ya watu binafsi, kama mgeni wa mchana anaruhusiwa bustanini bila kulala, kama kuna mtu wa kututembeza anayezungumza Kiswahili kwa kina badala ya kukariri maneno ya watalii, na kama bei ya mkazi ni tofauti na ya mgeni kutoka nje. Usione haya kuuliza hilo la mwisho, kwa sababu tofauti inaweza kuwa kubwa na mara nyingi hutatajiwa usipouliza. Uliza pia kiingilio kinajumuisha nini: chai, kahawa ya kuonja na malipo ya mtembezaji vinaweza kuhesabiwa kando. Kwa sehemu zilizo chini ya serikali, malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa kwanza, hivyo hakikisha simu yako ina salio la kutosha.

Msimu na saa

Hali ya hewa ya ukanda huu inajulikana, ila uhusiano wake na bustani una undani zaidi kuliko watu wanavyodhani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hujaza kila kitu kijani kibichi na kuzifanya njia za udongo wa volkano ziteleze kama sabuni. Asiye na mabuti asijaribu. Juni na Julai ni baridi na mawingu ya chini, hasa Arusha iliyo kwenye takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Moshi mjini aliyezoea joto la mita 800 na kitu atajuta akiacha sweta. Kwa upande mwingine, Julai ndipo mavuno ya kahawa yanaposhika kasi, na anayetaka kuona buni nyekundu zikichumwa na kumenywa anapaswa kwenda kati ya Julai na miezi ya mwisho ya mwaka.

Mijakaranda huchanua zaidi Oktoba na Novemba, wakati njia nzima za Arusha zinapotandikwa zambarau. Wengi huchagua majira hayo, na siwalaumu, lakini binafsi nikipewa wiki moja tu katika mwaka mzima ningeitumia kungoja maua ya mkahawa. Mkahawa hukaa na vitumba vilivyolala kipindi chote cha ukavu. Ikipiga mvua ya kwanza ya maana, vitumba huamka, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo shamba zima hufunguka kwa pamoja, matawi yakawa meupe kana kwamba yamemwagiwa unga, na harufu yake, iliyo jamaa ya harufu ya asmini, hukufikia kabla hujaliona shamba lenyewe. Siku mbili tatu baadaye maua yamekauka rangi ya kahawia. Haiwezekani kupanga tarehe ya jambo hili miezi kabla, njia pekee ni kuwa na namba ya mtu wa shambani atakayekuambia, "Njooni kesho." Safari ya vitumba hivyo haiishii hapo, kwani kutoka ua hadi tunda jekundu hupita takribani miezi minane au tisa.

Kuhusu saa, fika mapema iwezekanavyo, saa mbili au saa tatu asubuhi. Meru na Kilimanjaro huonekana vizuri kabla mawingu hayajapanda, ndege wanakuwa bado wana shughuli, na watunza bustani wanakuwa kwenye kazi ya kumwagilia, ambao ndio wakati wao mzuri wa kuzungumza. Ukifika saa saba mchana utakuta jua kali, watu wa bustani wamekwenda kula, na mlima umejifunika.

Njia ya kufika

Kati ya Moshi na Arusha ni kama kilomita 80 za lami, na kosta zinazopita siku nzima hushusha abiria Boma Ng'ombe, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru. Mwambie kondakta jina la kituo, siyo jina la hoteli, kwa maana la pili huenda halijui. Kutoka barabara kuu hadi langoni kwa kawaida kuna mwendo wa bodaboda au bajaji. Patana bei ya kwenda na kurudi kabisa na uchukue namba ya dereva, kwa sababu jioni kwenye njia za mashambani usafiri huwa haba.

Kuisoma bustani, kuanzia juu

Ukishaingia, simama kwanza. Usianze na vitanda vya maua vilivyo karibu na maegesho, bali inua macho utafute mti mrefu kuliko yote. Mara nyingi utakuwa mojawapo ya aina mbili. Ukiwa umenyooka, una matawi yaliyopangwa kwa ngazi kama njiti za mwavuli na umesimama karibu na nyumba, yaelekea ni araukaria, mti wa kusini mwa dunia uliopendwa sana na walowezi. Ukiwa na tawi pana lililotanda kama paa juu ya mikahawa, huenda ni mruka, mti wa asili ambao wakulima wa hapa waliuacha makusudi wakati wa kusafisha msitu kwa kuwa kivuli chake ni chepesi na majani yake huuneemesha udongo. Mti wa kwanza uliletwa, wa pili ulikutwa. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa bustani nzima, na mtoto wa darasa la nne anaweza kufanya kazi ya kuzitenganisha orodha hizo mbili kwenye daftari lake.

Katika orodha ya vilivyoletwa utaandika mjakaranda na bogenvilia kutoka Amerika ya Kusini, mgrivea na mkaratusi kutoka Australia, na mkahawa wenyewe, ambao asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na ambao wamisionari wa Kikatoliki waliupanda Kilema, upande wa mashariki wa Moshi, mwishoni mwa karne ya 19. Katika orodha ya vilivyokutwa utaandika mringaringa, ambao mbao yake ilichongwa mizinga ya nyuki na vyombo vya nyumbani. Msesewe, ambao gome lake chungu Wachagga hulitia kwenye mbege, pombe yao ya ndizi. Mkuyu, ambao ukiuona ujue maji hayako mbali. Kibobakasi nao utauona, na maua yake mekundu hushangaza wageni wengi wakiambiwa kwamba ni mti wa Afrika.

Utaandika pia sale, au isale. Mmea huu wenye majani marefu kama ya mhindi hauvutii macho na wageni huupita, lakini kwa Mchagga ni mmea wenye uzito: huonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, hupandwa penye makaburi ya wazee, na jani lake lililofungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea ni ombi la msamaha ambalo si rahisi kulikataa. Katika bustani moja niliona mstari wa masale ukikatiza katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri, ukienda moja kwa moja bila kujali njia za changarawe wala vitanda vya waridi, ukatokomea chini ya ua wa seng'enge. Mtembezaji wetu alisema ni mapambo. Bibi mmoja katika kundi letu, mwenyeji wa Machame, aliuangalia kwa muda, akausogelea na kusema kwa sauti ya chini kwamba huo ulikuwa mpaka wa watu. Sina namna ya kuthibitisha, lakini sijawahi kuona mapambo yaliyopandwa namna hiyo.

Pale palipo na vibao, visome kwa utaratibu. Jina la kisayansi lina sehemu mbili: la kwanza ni la jenasi, sawa na jina la ukoo, la pili ni la spishi yenyewe. Chukua kibao kilichoandikwa "Coffea arabica L." Herufi ya mwisho inamtaja Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyelitangaza jina hilo mwaka 1753; na neno la pili linasema kahawa ni ya Uarabuni, jambo ambalo si kweli, kwani Waarabu ndio walioifikisha kwenye biashara ya dunia lakini mmea wenyewe ni wa Ethiopia. Jina la kisayansi basi linaweza kubeba kosa kwa zaidi ya miaka 250 bila kubadilika. Majina mengine yanakurudisha nyumbani: ukiona "usambarensis" ujue mmea ulielezwa kutoka Usambara, na "kilimanjari" haihitaji tafsiri. Ukikuta kibao cha Saintpaulia, kile kiua kidogo cha zambarau kinachouzwa kwenye vyungu duniani kote, fahamu kwamba asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, Usambara ikiwa kitovu chake. Kilipewa jina la Mjerumani aliyekipeleka Ulaya katika miaka ya 1890, ingawa Wasambaa walikuwa wakikipita kila siku kwenye mawe ya mitoni. Wataalamu wameshakihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo kibao cha zamani na kitabu kipya vitapishana. Usimsahihishe mwenyeji wako kwa sababu hiyo.

Mkahawa, maji na mitambo

Kama kahawa ipo, omba kuoneshwa mkahawa mmoja kwa karibu badala ya kutembezwa shamba zima. Chuma tunda moja lililoiva, ukiruhusiwa, ulibane kwa vidole: nje ni ngozi nyekundu, ndani ute mtamu unaoteleza ulimini, kisha mbegu mbili zilizolaliana kwa upande wao bapa, kila moja ndani ya ganda jembamba la rangi ya majani makavu. Mara chache utakuta mbegu moja tu, ya duara, na hiyo ndiyo inayotengwa katika daraja lake kwenye mnada wa Moshi na kuandikwa PB (kifupi cha neno la Kiingereza "peaberry"). Geuza pia jani uangalie chini. Vumbi la rangi ya chungwa ni kutu ya majani. Na madoa meusi yaliyodidimia kwenye tunda bichi ni chulebuni, ugonjwa ambao umewatia hasara wakulima wa Kilimanjaro kwa vizazi na ambao aina mpya zinazotolewa na TaCRI zimezalishwa ili kuustahimili. Kama unatoka kwenye shamba lako mwenyewe, kwangua tope la viatu kabla ya kuingia, na ukirudi fanya hivyo hivyo.

Uliza maji yanatoka wapi. Swali hili linafungua milango mingi kuliko lolote lingine nililowahi kuuliza. Kabla walowezi hawajafika, Wachagga walikuwa wameshachimba mifongo, mifereji inayochukua maji ya mito ya mlimani na kuyatembeza kwa mteremko mdogo mno hadi kwenye vihamba, kila ukoo ukiwa na zamu yake. Baadhi ya mashamba yalikuja kutegemea maji ya mito hiyo hiyo, na ugomvi wa zamu haukuwa mdogo. Ukiona mfereji ukipita nyuma ya bustani, fuata hadi utakapokuta mahali pa kugawia maji. Huenda ukakuta lango la chuma, huenda ukakuta kipande cha mgomba na udongo uliokandamizwa kwa mguu, na kazi ni ile ile.

Kiwanda kidogo cha kumenyea buni mara nyingi kimewekwa chini ya mteremko ili maji yashuke yenyewe. Angalia mpangilio wake: pipa la kumimina matunda, mashine ya kumenya, matangi ya kuvundika ili ute uachie, mfereji wa kusafishia, kisha vichanja. Ukielewa mpangilio huo, kikombe utakachopewa mwishoni kitakuwa na maelezo yake.

Nyumba na maswali yake

Nyumba kuu hutembelewa mwisho, na kwa kuwa mara nyingi kuna watu wanaoishi au kulala humo, kaa kwenye varanda hadi ukaribishwe. Picha za ukutani, ramani na samani ndizo zinazooneshwa. Historia yenyewe hupatikana kwa kuuliza. Mtu anayejua mambo machache ya msingi atauliza vizuri zaidi, kwa hiyo nayataja. Waingereza waliiteka Moshi na Arusha kutoka kwa Wajerumani mwezi Machi 1916, na baada ya vita mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa kama mali ya adui na kuuzwa kwa wengine. Hali iliyofanana na hiyo ikajirudia katika Vita vya Pili. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na hasa katika miaka ya 1970, mashamba mengi yaliingia mikononi mwa umma na vyama vya ushirika, kisha baadhi yakakodishwa upya kwa wawekezaji. Shamba moja basi linaweza kuwa limebadilisha mikono mara nne au tano katika karne moja, na kila aliyekuja aliongeza chumba, akakata mti, akapanda mwingine.

Kwa upande wa Meru kuna jambo ambalo haifai kuliruka. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuliwasilisha shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Si kila bustani ina uhusiano na tukio hilo, na mtembezaji kijana asilaumiwe kwa yaliyotokea kabla hajazaliwa. Lakini swali la heshima, "Kabla ya shamba hili, walikuwa wanaishi akina nani hapa?", lina haki ya kuulizwa katika kila nyumba ya namna hii. Nimejibiwa kwa urefu, nimejibiwa kwa neno moja, na mara moja nimejibiwa na mpishi aliyekuwa akipita na sinia, ambaye alitaja jina la ukoo na kuendelea na safari yake.

Nenda pia kaone nyumba za wafanyakazi kama bado zipo, zile safu za vyumba vyenye milango inayotazama upande mmoja. Uliza malipo yalikuwaje, debe lilikuwa la ukubwa gani, nyapara alikuwa nani. Ukiwa na mzee katika kundi aliyewahi kuchuma kwa debe, mwache yeye aeleze na mtembezaji anyamaze.

Watoto, wazee na hatari ndogondogo

Vaa viatu vilivyofunika vidole na soksi ndefu. Baada ya mvua siafu hukatiza njia kwa mistari myembamba ambayo mtu anayetazama juu, kama nilivyokuambia utazame, huikanyaga kirahisi. Waambie watoto wasionje kitu chochote bila ruhusa. Olianda, pamoja na uzuri wake, ina sumu katika kila sehemu yake. Maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta nayo ni hatari. Mbegu za mbono zinavutia kama shanga na zinaweza kuua. Na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni mpeleke mtu hospitali baada ya kumwosha kwa maji mengi. Kima na mbega wakija mezani, wasipewe chakula. Wenye mizinga ya nyuki watakuonyesha mahali pa kutopita.

Kwa wazee, omba kiti kisogezwe chini ya mti mmoja wawekwe hapo na chai, na vijana ndio wazunguke. Ndege nyuki ya kupigia picha isirushwe bila kibali. Picha za wafanyakazi zipigwe baada ya kuwaomba wao wenyewe, hata kama meneja ameshakuruhusu.

Kuunganisha siku

Kama muda unabaki, upande wa Tengeru kuna Ziwa Duluti, ziwa la kreta lenye msitu wa asili kuzunguka, na jirani yake makaburi ya Wapoland waliokuwa wakimbizi hapo wakati wa Vita vya Pili, kambi iliyofikisha watu wapatao 5,000. Mjini Arusha, Makumbusho ya Elimu Viumbe yamo ndani ya boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Lakini kwa aliye Moshi napendekeza zaidi apande kwenye kihamba. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia: juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini yake mikahawa, chini kabisa magimbi na mboga. Ukikiona siku moja na bustani ya shamba la mlowezi, utaona kwamba mpangilio wa kivuli ambao mlowezi alisifiwa nao ulikuwa ukifanyiwa kazi mlimani kabla ya kuja kwake.

Kuhusu miche

Mama na shangazi hawatoki bustanini mikono mitupu, hilo nalifahamu. Nimemwona mmoja akitoka na kikonyo cha waridi ndani ya mkoba, kimezungushiwa leso iliyolowa, mlinzi akijifanya hakuona. Ni afadhali kuomba. Mashamba mengi yana kitalu, na mtunza bustani akiombwa kwa heshima mara nyingi hukata kipandikizi kizuri kuliko ambacho ungekivunja mwenyewe kwa haraka, akakuambia pia ukate jani lipi na uache lipi. Usichimbe mmea wa msituni, na kwa mikahawa usichukue mche ovyo, nunua kwenye kitalu kinachojulikana ili usipeleke ugonjwa kijijini.

Fikiria urefu wa mahali unapoupeleka. Mche uliozoea Usa River, kwenye takribani mita 1,200, utateseka Moshi mjini usipopata kivuli na maji ya ziada. Kwenye kosta upakate mapajani. Ukiwekwa kwenye buti, chini ya magunia, utafika umevunjika shingo. Usiupande siku hiyo hiyo ukifika mchana. Uweke barazani penye kivuli, unyweshe, uache upumzike hadi jioni ya siku ya pili jua likishapungua, kisha uchimbie shimo lenye upana mara mbili ya kifuko chake, na usisahau kukichana hicho kifuko cha plastiki kabla ya kufukia.